Kuba lilikuja na anga la ugenini

Swali bora nililowahi kulisikia ndani ya kuba la nyota liliulizwa na mtoto wa darasa la saba, kwenye shule moja ya msingi huku Mbulu, na halikujibiwa. Projekta ilikuwa inaonyesha nyota zikizunguka duara, na katikati yake nyota moja imetulia tuli. Sauti iliyorekodiwa ikasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo Nyota ya Kaskazini, na ukiifahamu hupotei usiku. Mtoto akauliza: "Mwalimu, hiyo isiyotembea, tukiwa nyumbani tunaiona upande gani?" Mtoa maelezo akatabasamu, akasema tutalirudia hilo. Rekodi ikaendelea. Hatukulirudia.

Jibu ni kwamba haionekani. Mbulu iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, Katesh ni kama digrii 4 na nusu. Kwa huku Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, usiku kucha na mwaka mzima. Yaani watoto wale walifundishwa, kwa picha nzuri ajabu, anga ambalo hawataliona mpaka siku watakayosafiri mbali.

Sitaitaja timu ile wala shule. Ni watu wa nia njema waliobeba feni, projekta na jenereta kwenye barabara za vumbi, na mimi ningekuwa wa kwanza kuwashukuru. Ninachokosoa ni onyesho lenyewe. Maonyesho ya sayansi yakifika vijijini huwa tunayasifu kwa sababu tu yamefika, kama vile mgeni asiyeambiwa chakula alicholeta kimechacha.

Kwanza tumalize hoja moja ninayoisikia kila mara: huku Hanang giza lipo bure, Njia Nyeupe inaonekana ukitoka tu nje, sasa kuba la nini? Hoja inavutia, lakini haina nguvu sana. Nyota hutoka usiku na shule huwa mchana. Kwa shule ya kutwa, jioni watoto wamekwisha rudi makwao, wengine mbali, na hakuna mzazi atakayekubali warudi saa tatu usiku kuangalia Zohali. Msimu wa mvua mawingu nayo yanafunga kila kitu. Kuba linaleta usiku mchana, na linaweza kupitisha mwaka mzima kwa dakika mbili. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa tangu projekta ya Zeiss ilipoonyeshwa Munich mwaka 1923, na ndiyo sababu Philip Sadler alibuni kuba la kupulizwa, Starlab, mwaka 1977, ili jumba zima la nyota liingie ndani ya gari.

Kwa hiyo tatizo si kuba. Tatizo ni anga gani limewekwa ndani yake, na nani anaongea.

Tuanze na anga. Onyesho lile lilitengenezwa kwa watazamaji wa kaskazini ya mbali, ambako nyota huzunguka juu ya kichwa. Kwetu nyota huchomoza karibu wima kutoka mashariki, hupita juu, huzama wima magharibi. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 4 tu juu ya upeo. Hilo si pungufu, ni utajiri! Mwezi Mei, kama saa tatu usiku, ukisimama Katesh unaona Msalaba wa Kusini umesimama upande mmoja, na ukigeuka unaziona nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, kichwa chini kama kata iliyokwisha kumwaga maji. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Sisi tunaviona vyote viwili bila kuhama uwanjani.

Halafu mwezi. Kwenye rekodi, hilali ilisimama wima kama herufi C. Huku karibu na ikweta hilali mara nyingi hulala chali, ncha zikitazama juu kama pembe za ng'ombe. Kila mtoto aliyewahi kuchunga analijua hilo kwa macho yake. Akiona kuba linasema vinginevyo, ana njia mbili: aache kuliamini kuba, au aache kuyaamini macho yake. Ninaogopa ile ya pili, maana ndiyo inayoua sayansi. Na kurekebisha haya ni kazi ya dakika moja. Ukiwa na Stellarium, programu ya bure, unaiambia uko latitudo ipi, basi.

Sasa sauti. Siku ile zilikuwepo zamu kadhaa. Zamu ya darasa la tatu, mtoa maelezo aliona wadogo hawatafuata Kiingereza, akazima sauti, akaongea mwenyewe. Akaanza na "Hadithi, hadithi!" na kuba zima likaitika "Hadithi njoo!" mpaka feni haikusikika. Akauliza nani anaijua Kilimia, na kwa nini inaitwa hivyo. Mtoto mmoja akasema bibi yake huitazama wakati wa kulima. Sawasawa, jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Akaisogeza anga mpaka Kilimia ikazama, akairudisha alfajiri upande wa pili, na watoto wakahesabu naye miezi. Picha zilikuwa zilezile na projekta ileile. Lakini wadogo, waliodhaniwa hawataelewa, ndio waliopata onyesho zuri kuliko wote.

Hili lisitushangaze. Wairaqw wana slufay, maneno ya sala na baraka ambayo kiongozi huyatamka na waliokusanyika huitikia, wakiyathibitisha kwa pamoja. Hapa kusema vizuri mbele za watu ni sanaa yenye wenyewe, na msikilizaji ana sehemu yake. Ukiwaketisha watu wa namna hiyo kwenye giza mbele ya rekodi isiyosubiri jibu, umewanyamazisha.

Kuna jambo la ndani zaidi. Rekodi ilipita haraka ikisema jua ni nyota ya kawaida tu. Ni kweli kisayansi. Lakini katika Kiiraqw neno Looaa hutaja jua na pia Mungu. Mtu aliye hai angeweza kutua hapo na kusema kwamba wazee waliona tangu zamani uhai wote unategemea jua, na leo tunaweza kueleza nishati hiyo inatokea wapi: haidrojeni inaungana kuwa heliamu kwenye kiini chake. Kwa kusema hivyo hamvunjii mtu heshima, na fizikia inabaki kamili. Rekodi haiwezi kutua, kwa sababu haijui iko wapi.

Upande wa pili nao una haki yake. Kuba la kipenyo cha mita 5 huchukua takriban watoto 30. Tuseme shule ina watoto 600: hizo ni zamu 20, na kila zamu ikiwa dakika 20 unaongea karibu saa saba. Koo litakauka. Rekodi haichoki, na haikosei kwa bahati mbaya. Nakubali. Lakini dawa ni kuwafundisha watoa maelezo wengi, walimu wa palepale wakiwemo, wapokezane. Kwamba inawezekana hapa Afrika Mashariki tunajua: Susan Murabana na Chu Owen wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizunguka Kenya na darubini na kuba la kupulizwa, mtu akiongea na watu. Hapa Tanzania, kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016 kulivuta watu hadi Rujewa, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa miongoni mwa walioueleza umma kinachokuja. Sauti ya mtu bado inafanya kazi.

Mwisho, kuba huondoka. Feni ikizimwa linanywea, linakunjwa, linapakiwa. Kama mtoto amebaki akiamini nyota zimeondoka na lile gari, tumeshindwa hata kama alishangilia. Onyesho zuri lingemwachia kitu cha kufanya kesho. Kwa mfano hiki: kati ya tarehe 8 na 11 Machi, kama saa saba kasoro robo mchana, na tena kati ya tarehe 2 na 6 Oktoba, kama saa sita na nusu, jua hupita utosini kwa Mbulu na Hanang. Simika kijiti wima uwanjani. Kivuli chake kitapotea. Hakuna jenereta wala kiingilio.

Na yule wa darasa la saba, kama haya yatamfikia: mdogo wangu, uliuliza vizuri. Nyota ile kwenu haionekani. Ilikuwa kosa letu kutokukuambia.