Zombi anayependa: juu ya sinema «Warm Bodies»

Vijana wengi wa siku hizi wanapenda sinema za zombi, yaani za wafu wanaotembea na kula watu. Wakubwa husema: «Upuzi mtupu», kisha huendelea na shughuli zao. Lakini haifai kuhukumu kitu ambacho hatukukitazama. Iko moja inayostahili kuchunguzwa. Ni «Warm Bodies», maana yake «Miili yenye joto», iliyotolewa mwaka 2013. Jonathan Levine aliitengeneza kutoka hadithi ya Isaac Marion, mwandishi Mmarekani. Inachekesha, inasimulia mapendo ya kijana na binti, na chini ya kicheko kuna swali zito: aliyeua anaweza kupendwa namna gani?

Habari yenyewe ni hii. Ugonjwa umegeuza watu wengi kuwa mazombi. Wazima wamejifungia katika mji wenye ukuta mkubwa, chini ya amri ya Grigio. Nje, katika uwanja wa ndege, anakaa zombi mmoja kijana. Amesahau jina lake, anakumbuka herufi ya kwanza tu, R. Siku moja yeye na wenzake wanashambulia vijana waliotoka mjini kutafuta dawa. R anamuua Perry na kula ubongo wake, na kwa kuula anapokea makumbusho ya Perry. Hapo anamwona Julie, binti wa Grigio na mchumba wa Perry, naye anaanza kumpenda. Anamficha katika ndege iliyoachwa na kumchezea sahani za muziki. Polepole moyo wake unaanza kupiga tena.

Kwanza tukumbuke zombi ametoka wapi, kwani jambo hilo linatugusa sisi Wakongo. Wataalamu wengi wa lugha wanalinganisha jina hilo na maneno ya Kikongo, kama «nzambi» na «zumbi». Lilivuka bahari pamoja na watumwa, likakaa Haiti. Kule zombi hakuwa mla watu. Alikuwa maskini aliyefufuliwa na mchawi ili alime shamba la bwana wake bila mapenzi yake mwenyewe. Hofu ya mtumwa ilikuwa hiyo: hata kufa kusimtoe utumwani. Sinema «White Zombie» ya mwaka 1932 bado inaonyesha wafu wakizungusha mashine ya sukari. George Romero, katika sinema yake ya mwaka 1968, ndiye aliyewafanya wafu kuwa kundi la adui wala nyama. Tangu hapo mtu wa kuhurumiwa akawa kitu cha kupigwa risasi.

Sifa ya «Warm Bodies» ni kwamba inamrudisha zombi kuwa mtu. Tena inafanya hivyo kwa kuchekesha. Moyoni R anasema maneno mengi yenye akili, anajichunguza, anajicheka. Lakini akifungua kinywa, anatoa mngurumo tu. Kijana gani hakupata taabu hiyo mbele ya binti? Nicholas Hoult anaicheza vizuri sana, kwa macho na mabega zaidi kuliko kwa sauti.

Msomaji wa Shakespeare atatambua mara moja Romeo na Juliet: R na Julie, Perry mahali pa Paris, rafiki M mahali pa Mercutio, na Nora anayetamani kuwa muuguzi, kama yaya wa Juliet. Hata Julie kusimama katika baraza ya ghorofa, na R chini yake, hakukosekani. Lakini tuangalie mwisho. Kwa Shakespeare jamaa mbili zinapatana wakati watoto wamekwisha kufa. Amani inanunuliwa kwa bei kali. Katika sinema hii Grigio anampiga R risasi, damu inatoka, na damu hiyo inashuhudia kwamba yu hai. Ukuta unabomolewa, wote wanafurahi. Bei imelipwa na nani?

Imelipwa na Perry. Hapo ndipo tunaona kosa la sinema hii. R anaungama kwa Julie kwamba ndiye aliyemuua. Julie anajibu kwamba alikuwa akidhani hivyo, na asubuhi anaondoka bila kuaga. Kuondoka huko ni kweli na kuna uzito. Lakini R anapomfuata mjini, jambo halisemwi tena. Perry halilii mtu, wala R hadaiwi kitu. Tena mapendo yake yalianza kwa makumbusho ya aliyemuua. Hatukatai kusamehe, mbali na hayo! Tunakataa msamaha unaomsahau aliyekufa ili wapenzi wafurahi upesi.

Kosa la pili linafanana na la kwanza. Iko aina nyingine ya wafu, wale Mifupa, waliojichuna hata ngozi. Hao hawaponi. Wazima na mazombi wanapatana kwa kuwaua pamoja. Sinema iliyotufundisha kwamba adui ni mtu mgonjwa inatafuta adui mwingine asiye mtu, ili amani ipatikane. Ni dawa rahisi, nasi tunajua watu wengi wanaoitumia bila kuwa katika sinema.

Je, ionyeshwe kwa vijana? Kwa wakubwa kidogo, ndiyo. Huko Marekani wazazi walionywa juu ya watoto wasiotimiza miaka 13, na onyo hilo lina haki, kwa sababu ya damu. Watacheka sana, na wacheke. Taa zikiwashwa, katekista awaulize jambo moja tu: Perry alikuwa nani? Wakishindwa kujibu, mazungumzo yaanze hapo.