Nafasi ya Mwisho ni ya Nani?

Mhusika ninayemkumbuka zaidi kutoka Last Chance U si mchezaji wala kocha. Ni mshauri wa masomo anayeitwa Brittany Wagner, na silaha yake ni penseli. Vijana wenye mabega mapana kama mlango wa kanisa wanaingia ofisini mwake, hedifoni masikioni, na salamu hazijaisha vizuri anawauliza kama wana penseli. Mara nyingi hawana. Anawapa. Kesho wanarudi mikono mitupu, anawapa tena.

Kwa wale hawajaiona: hii ni siries ya Netflix, si ya kubuni, iliyoongozwa na Greg Whiteley. Ilitoka misimu mitano kuanzia 2016 hadi 2020. Inafuata timu za futiboli ya Marekani, ule mchezo wa helmeti na mpira uliochongoka, lakini si timu kubwa za kwenye matangazo. Inafuata vyuo vidogo vya miaka miwili. Huko ndiko unaenda kama chuo kikuu kikubwa kimekufukuza, ama alama zako za sekondari hazikufika, ama ulijikuta matatani na polisi. Unacheza msimu mmoja au miwili, unapandisha alama darasani, na ukibahatika kocha wa chuo kikubwa anakuona na kukuita na ufadhili wa masomo mkononi. Usipobahatika, unarudi kwenu.

Chuo cha misimu miwili ya kwanza ni East Mississippi Community College, kilichoko Scooba, mji wa watu mia kadhaa tu. Soko la Kibuye siku ya Jumapili lingeumeza mji huo wote na bado mama wa omena angepata pa kutandika gunia lake.

Sasa, nini inafanya mtu wa Kondele akae macho hadi saa nane usiku akiangalia mchezo ambao hajui sheria zake? Nimeiona na marafiki ambao swali lao la kila dakika lilikuwa, "Omera, kwani hawa wanasimama kila saa kufanya nini?" Lakini hakuna aliyetoka. Nadhani ni kwa sababu mchezo wenyewe si kitu. Kile tulichokuwa tunaangalia ni vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wanaoambiwa kwamba maisha yao yote yameshikiliwa na matokeo ya somo moja wasilolipenda. Komredi yeyote ambaye amewahi kutafuta alama zilizopotea, kutoka ofisi hii hadi ile, akitumwa kama chenji, hahitaji mkalimani hapo.

Na lazima tuisifu pale inapostahili. Siries hii inajua kushindwa. Katika msimu wa kwanza, uliopigwa 2015, Scooba ni timu inayotandika kila mtu, na wewe mtazamaji unajua hadithi inakoenda: kombe la taifa. Halafu katika mechi ya mwisho ya ratiba ya kawaida, wakiwa wanaongoza kwa mbali, vita vinazuka uwanjani dhidi ya Mississippi Delta. Mechi inasimamishwa. Timu inafungiwa mechi za mtoano. Basi. Ulichosubiri kwa saa kadhaa hakiji, na kinachobaki ni vijana wamekaa kwenye mabweni wakihesabu alama za darasani, kwa sababu sasa ndizo pekee walizo nazo. Mwandishi wa kubuni angeogopa kumaliza hadithi hivyo. Hapa maisha yenyewe yaliandika, na Whiteley alikuwa na akili ya kutosha kutoyasahihisha.

Msimu wa nne ni mkali zaidi. Kamera zimehamia Independence, Kansas, kwa kocha Jason Brown, mwenye sigara na mdomo usiojua likizo. Mwaka 2018 timu yake inashinda mechi mbili na kupoteza nane. Hakuna muziki wa kukupandisha moyo. Unaangalia mtu mzima akitukana watoto wa watu huku timu ikizama, na polepole unagundua kwamba ule ukali tuliouita mapenzi katika msimu wa tatu, wakati wanashinda, ulikuwa ukali tu. Brown aliondoka mwanzoni mwa 2019, baada ya kujulikana kwamba alimtumia mchezaji kutoka Ujerumani ujumbe akijilinganisha na Hitler. Sisi tuliosoma shule za bweni tunamjua mtu kama huyo. Alisifiwa kila mwaka shule ilipofanya vizuri KCSE, na hakuna aliyeuliza waliokosa walibeba nini kifuani.

Lakini nina ugomvi na siries hii, na unaanzia kwenye jina lake. Nafasi ya mwisho ni ya nani? Kamera inapenda anayeondoka. John Franklin wa Tatu, mrusha mpira, anapata njia ya kwenda Auburn, na tunaondoka naye kimoyo. Ronald Ollie, mlinzi aliyelelewa na jamaa baada ya kupoteza wazazi wote wawili akiwa mdogo, anaenda Nicholls State, na tunapangusa macho. Scooba yenyewe inabaki kama stendi: mahali pa kusubiri gari, si mahali pa kuishi. Na mwanafunzi wa Scooba asiyecheza, yule msichana anayesomea uuguzi ama yule jamaa mwembamba anayetaka kuwa fundi wa mitambo, kamera inampita kwenye korido kama kiti.

Hapo ndipo penseli ya Wagner inanichoma. Simlaumu yeye, ana moyo ambao walimu wengi hawana. Lakini mtu kama yeye anapata ofisi, muda na kamera kwa sababu kijana aliye mbele yake anaweza kumwangusha mtu wa kilo mia moja na ishirini Jumamosi. Asiye na mbavu, nani anamfuata na penseli? Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenizidi, na barua niliyopata ilikuwa ya deni. Sisemi hivyo nipate pole. Nasema kwa sababu siries inataka niamini kwamba huruma niliyoiona Scooba ni huruma kwa wanafunzi. Hapana. Ni matunzo ya mali. Wakati misimu hiyo inapigwa picha, mchezaji wa NCAA, yaani ngazi ambayo vijana hawa walikuwa wanaiota, hakuruhusiwa kupata hata senti kwa jina lake wala sura yake. Sheria hiyo ililegezwa Julai 2021. Penseli alipewa bure, ila jasho lake pia lilichukuliwa bure, na hesabu hiyo siries haiifanyi hadi mwisho.

Kuna mtu aliyeifanya zamani, na cha ajabu alitoka mji huohuo. William Inge, mwandishi wa tamthilia, alizaliwa Independence, Kansas, 1913, na alisoma kwenye chuo hichohicho cha akina Brown. Tamthilia yake Picnic ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1953. Mhusika wake Hal Carter ni nani? Ni nyota wa zamani wa futiboli ya chuo, aliyeshindwa na masomo, anayefika mji mdogo wa Kansas bila kitu mfukoni na kufanya vibarua kwenye ua wa mama mmoja jirani. Yaani Inge alianza pale Last Chance U inapozima kamera. Hal ni baada ya msimu. Bado ana mwili wa uwanjani, bado anasimulia mambo makubwa, lakini hakuna wa kumpigia makofi. Na Inge anafanya jambo ambalo siries haithubutu: Hal anapodandia gari moshi la mizigo na kutoroka, jukwaa linabaki na wanawake wa mji ule, mama na majirani, ambao lazima waamke kesho na kuendelea kuishi hapohapo.

Nikiipima siries kwa kipimo hicho, msimu wa tano ndio unapita mtihani. Laney College, Oakland, California. Huko vyuo vidogo havitoi ufadhili wa michezo, na vingi havina mabweni, kwa hiyo wachezaji wanatoka nyumbani na kurudi nyumbani, na ghafla mji unaonekana. Dior Walker-Scott anafanya kazi mkahawani na kulala ndani ya gari lake, kisha anakuja mazoezini. Kodi ya nyumba inapanda, familia zinasukumwa pembeni. Kocha John Beam anajua mitaa ya vijana wake kwa sababu ameishi nayo miaka. Novemba 2025 Beam alipigwa risasi palepale chuoni Laney na akafariki kesho yake. Ukiutazama msimu ule leo, kila mara anapomshika kijana bega inakuwa nzito. Ni mtu ambaye angeweza kuondoka, na alibaki.

Sasa turudi dala. Sisi tunasimulia vipi michezo ya vyuo vyetu?

Tuna hadithi moja tunayoipenda sana: ya aliyeruka. Daniel Adongo, kijana wa Nairobi, aliacha raga 2013 na kujiunga na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Tarehe 1 Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani katika NFL. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mambo yalipogeuka, miaka miwili baadaye, tukanyamaza ama tukaanza umbea. Hatukuwa na lugha ya katikati. Kwetu mchezaji ni shujaa ama ni funzo kwa watoto wengine. Mtu anayefanya kazi ngumu akiwa na siku nzuri na mbaya, huyo hatumwandiki.

Na raga ya vyuo hapa magharibi ipo, si ya kubuni. Masinde Muliro ya Kakamega, MMUST, imecheza Kenya Cup dhidi ya vilabu vyenye wadhamini. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Blak Blad ya Kenyatta zina majina yanayojulikana na watu ambao hawajawahi kukanyaga vyuo hivyo. Kila mzunguko wa kitaifa wa raga ya wachezaji saba unapofika Kisumu kwa Dala Sevens, mji unajaa. Lakini soma kinachoandikwa baadaye: nani kashinda, nani alikuwa didjei, nani alivaa nini. Jumatatu ikifika, vijana waliocheza wanarudi Maseno ama Kakamega kwa matatu, mmoja na goti limevimba, na hakuna anayejua kama Jumanne atakalia kiti cha mtihani.

Hapo tunatofautiana na Scooba, na si lazima sisi tuwe wabaya zaidi. Kule darasa ni tiketi ya kuingia uwanjani. Huku, kwa wazazi wengi, uwanja ni mwizi wa darasa. Kule mchezaji anafuatwa na penseli kwa sababu ana thamani ya kuuzwa. Huku chuo mara nyingi hakijui kama amekula. Lakini anayecheza raga Kakamega bila ufadhili mnono, bila skauti jukwaani, anacheza kwa nini? Hilo ni swali kubwa kuliko "je, atatoka?" Last Chance U haiwezi kuliuliza, kwa sababu kwake jibu limeshaandikwa kwenye jina.

Kwa hiyo mwenye kamera ama daftari, hapa kuna kazi. Fuata timu moja ya chuo kidogo ya kando ya ziwa kwa msimu mzima, mechi za kushindwa zikiwemo. Keti kwenye basi linapoharibika kabla ya Ahero. Uliza nani alichanga nauli. Nenda nyumbani Nyalenda na yule anayeendesha boda usiku ili alipe karo, na mwache mama yake aongee hadi amalize. Usikate pale anapolalamika kuhusu bei ya unga. Muulize pia mwanafunzi asiyecheza anaionaje timu. Kocha akipiga kelele, usimwekee muziki. Na mtu akiacha chuo katikati ya msimu, usifunge sura yake hapo. Mfuate hadi anapofanya kazi, muone anaamka saa ngapi.

Wakati huohuo, siries yenyewe iangalieni, hasa msimu wa kwanza na wa tano. Misimu ya Brown mnaweza kuruka kama mlishasoma bweni. Halafu tafuteni Picnic, msome anachofanya Hal siku ambazo hakuna mechi.