Ubongo Usikilizwe Wapi?

Mwaka 2021 mafundi wawili wa Kikuyu, nje ya Nairobi, waliwaonyesha wanahabari mkono bandia waliouunda kwa taka za kielektroniki na mbao kuukuu. David Gathu na Moses Kiuna walijifunza kazi hii wenyewe. Mkono wao wa kwanza waliuunda mwaka 2012, baada ya jirani yao kupoteza kiungo katika ajali ya kiwandani. Huu mpya una kifaa cha kuvaa kichwani: kinanasa umeme hafifu wa mwilini, saketi inaupokea, nao mkono unasogea juu, chini na kando.

Ukaitwa mkono unaoendeshwa kwa fikra. Nimejiuliza ungemfaa nani Ngaremara, kando ya barabara kuu itokayo Isiolo kwenda Archers Post, ambako mfugaji hulala na vumbi na kuamka nalo. Jibu linategemea jambo moja la kiufundi ambalo sifa nyingi zimelifunika: umeme huo unanaswa sehemu gani ya mwili.

Seli za ubongo hutoa umeme zinapofanya kazi. Ukishapenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa, unabaki mikrovolti 10 hadi 100 hivi. Betri ndogo ya tochi, yenye volti 1.5, inaizidi hata hiyo 100 mara 15,000. Tena ni sauti za seli nyingi mno kwa pamoja. Ni kama kusimama nje ya ua wa soko la mifugo Isiolo na kutaka kujua mbuzi mmoja ameuzwa kwa bei gani. Saketi inabidi iukuze umeme huo, kisha ichuje mvumo wa nyaya za ukutani, ambao nchini Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. (Manyatta isiyo na nyaya ingekuwa maabara nzuri kuliko nyumba nyingi za Nairobi.)

Kikwazo kikubwa zaidi ni misuli. Ukikunja paji la uso au kukaza taya, misuli hutoa umeme mwingi kuliko ule wa ubongo, na kifaa cha kichwani huuchukua wote bila kubagua. Kwa hiyo mkono wa namna hii ukisogea, mchambuzi ana haki ya kuuliza kama kilichouamuru ni wazo au ni nyusi. Si aibu iwapo ni nyusi, maadamu mwenyewe anaitawala. Shida huja anapotaka kutafuna huku ameshika kikombe.

Njia ya kuukaribia ubongo ipo. Mwaka 2012 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walieleza jinsi Jan Scheuermann, mama aliyepooza kuanzia shingoni, alivyouendesha mkono wa roboti kwa vipande viwili vilivyopandikizwa ndani ya ubongo wake, kila kimoja kikiwa na vinasio 96. Ni kazi ya ajabu, lakini fuvu lilifunguliwa na viunganishi vya nyaya vikatokeza kichwani. Kwa aliyepooza hivyo hakuna njia fupi. Aliyekatwa mkono au mguu anayo, kwa sababu neva zake bado ni hai mpaka kwenye kigutu, na misuli iliyobaki pale huikuza amri ya ubongo bila betri yoyote.

Hilo ndilo daktari Todd Kuiken alilolitumia Chicago. Jesse Sullivan, fundi wa nyaya za umeme, alipoteza mikono yote miwili mwaka 2001. Neva zilizokuwa zikienda mkononi zilihamishiwa misuli ya kifua. Akiwaza kufumba kiganja, kifua kinashtuka, vihisio juu ya ngozi vinasoma.

Kwa Ngaremara, hata hivyo, mimi ningeanza na mguu. Sumu ya nyoka na ajali za bodaboda hukata miguu, na jirani pale Archers Post kuna uwanja wa mazoezi wa jeshi la Uingereza: mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200, kwa madhara ya mabomu yaliyoachwa malishoni. Asiyeweza kutembea hachungi.

Julai 2024 kundi la mtafiti Hugh Herr wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza miguu yote miwili kwa baridi kali mlimani mwaka 1982, lilichapisha matokeo ya watu 7 waliokatwa chini ya goti. Daktari alikuwa ameiunganisha tena misuli yao kwa jozi, mmoja ukikaza mwenzake unavutika, kama ilivyo mguuni. Mvutano huo huurudishia ubongo habari za kifundo kisichokuwapo. Walipovaa mguu wa roboti, kasi yao ya juu ya kutembea ilizidi kwa asilimia 41 ile ya waliokatwa kwa njia ya kawaida.

Roboti ile ni ghali, na vumbi la Isiolo lingeihukumu upesi. Upasuaji wenyewe ni kisu, uzi na ujuzi. Unaweza kufanywa siku ya kukata mguu, au baadaye kigutu kinaporekebishwa, mradi misuli iwepo. Sumu ya nyoka mara nyingine haiiachi. Daktari akiihifadhi jozi moja tu ya misuli, fundi wa aina ya Gathu na Kiuna ana mahali pa kubandika vihisio vyake, na kifaa cha kichwani kinaweza kuwekwa kando.