Ishara za Kuchongwa: Kutoka Omo ya Jahazi hadi Kibuyu cha Gicandi

Wahakiki wetu wamezoea kutenga maandishi na nakshi. Lililoandikwa kwa wino husomwa. Lililochongwa kwa patasi au kisu hutazamwa tu, kisha hupewa jina la pambo. Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo kwa kulinganisha ishara za vyombo vya baharini vya karne ya 19 na kibuyu cha gicandi cha Wagikuyu. Kangema, mji wa milimani ulio mbali na bahari, umo katika Murang'a, nchi ya Mukurwe wa Nyagathanga, ambako mapokeo ya Wagikuyu yanaweka asili yao.

Tuanze na bahari. Katika mwaka wa 1869 merikebu ya matanga Cutty Sark iliundwa huko Dumbarton, Uskoti. Kwenye omo yake iliwekwa sanamu ya Nannie, mchawi kijana katika shairi la Robert Burns lililochapishwa mwaka wa 1791. Mkononi ameshika mkia wa farasi. Asiyelijua shairi huona mwanamke na singa. Alijuaye huona kisa kizima: mkimbizano wa usiku, daraja, na mpanda farasi aliyenusurika kwa gharama ya mkia wa mnyama wake. Ni dhahiri kwamba maana ya sanamu hii imo katika kumbukumbu ya mtazamaji kuliko katika ubao.

Katika mwambao wetu, jahazi la Lamu lina macho: viduara vya mbao vilivyochongwa na kupakwa rangi, kimoja kila upande wa omo, mara nyingi vikiwa na mwezi mwandamo na nyota. Mtepe nao, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulikuwa na macho yake. Na yako mapokeo kwamba kichwa chake kilikuwa mfano wa ngamia wa Mtume. Hapa pia ishara inategemea simulizi. Simulizi ikisahauliwa, jicho hubaki duara.

Gicandi huiweka hoja hii wazi zaidi. Ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama na kutiwa kauri. Mshairi hukitikisa huku alama zikimwongoza katika ubeti wake. Wawili hutegana mafumbo, na ashindwaye huweza kupoteza kibuyu chake. Kwa hiyo kitu kimoja ni matini, ni ala ya muziki, na ni dau la shindano.

Wataalamu wameshughulikia utanzu huu kwa njia mbalimbali. Vittorio Merlo Pick, katika *Ndai na Gicandi* (1973), alituhifadhia maneno, na hatuna budi kumshukuru. Lakini ukurasa uliopigwa chapa hauna mlio wa mbegu wala mpinzani. Ngugi wa Thiong'o, katika *Caitaani Mutharaba-ini* (1980), alimfanya mtambaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya, akaurudisha utanzu kwa wasomaji wengi. Hata hivyo, katika riwaya sauti husikika bila kibuyu kuonekana. Kimani Njogu, katika *Reading Poetry as Dialogue* (2004), aliuweka pamoja na ushairi wa Kiswahili wa kujibizana, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatua iliyofungua njia. Lililobaki ni kulirudisha jicho katika majibizano hayo: kuuliza alama ipi huzaa ubeti upi, na kwa nini.

Swali hili si la anasa. Kibuyu kikiwekwa ndani ya kabati la kioo bila mtambaji, tumehifadhi gamba. Jicho la jahazi likining'inizwa ukutani bila simulizi ya fundi na nahodha, hali ni hiyo hiyo. Mbao na kibuyu hudumu kuliko koo la binadamu. Ndiyo sababu hutudanganya kwamba kazi ya kuhifadhi imekwisha.

Wahenga walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Idara zetu zimekwenda sana kwenye vitabu. Yafaa zirejee kwa wachongaji na watambaji walio hai, zinase sauti pamoja na picha ya kila alama, na kumfundisha mwanafunzi wa Kangema jicho la Lamu, na wa Lamu kibuyu cha Murang'a, yote katika somo la fasihi.