Wafiwa mbele ya Requiem ya Brahms

Misa ya wafu ya Kilatini humwombea marehemu apate pumziko. Johannes Brahms, katika Ein deutsches Requiem, aliteua mwenyewe aya za Biblia ya Luther na kuanza na wafiwa. Uteuzi huo ndio uliowatatiza wasikilizaji wake wa mwanzo.

Kuzomewa kwa sehemu tatu za kwanza huko Vienna, Desemba 1867, hakutufunzi mengi: ngoma za okestra zilipigwa kwa nguvu mno zikaimeza kwaya. Pingamizi la Karl Reinthaler, kiongozi wa muziki katika kanisa kuu la Bremen, lilikuwa zito zaidi. Alimwandikia mtunzi kwamba kifo cha Kristo kiletacho wokovu hakikutajwa. Brahms hakukubali kuongeza lolote. Basi Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, waliohudhuria kanisani humo waliimbiwa pia wimbo wa Mkombozi kutoka Messiah ya Handel. Kwa maoni yangu, kiraka hicho ni uhakiki kamili: kinaonyesha mahali hasa ambapo msikilizaji muumini aliona pengo.

Baadaye Brahms aliongeza sehemu ya soprano, na kazi nzima yenye sehemu saba ikaimbwa Leipzig mwaka 1869. Humo mna aya ya Isaya ambamo Mungu hufariji kama mama. Mamaye Brahms alikuwa amefariki mwaka 1865. Sidai kwamba alikuwa akiwajibu watu wa Bremen. Lakini mfiwa mwenye imani inayoyumba anaweza kuisikiliza sehemu hii bila kuulizwa anaamini nini.