Kuchanganua si Kusoma Tu

Eti Kiswahili hakina maneno ya kuandikia programu za kompyuta! Ndipo unasikia “tunaparsi konfigi”, na mwanafunzi wa Isiolo, ambaye Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru, anaamini lugha hii inakomea mlangoni pa maabara. Hoja hiyo haina mashiko.

Tuanze na faili ya mipangilio. Neno “mipangilio” limo tayari katika simu zilizowekwa Kiswahili. Faili hii huieleza programu itumie lugha gani au ihifadhi data wapi. Programu ikianza, huisoma. Lakini kusoma ni kupokea herufi tu. Kutambua kwamba hili ni jina la kipengele na lile ni thamani yake ndiko kuchanganua. Nani aliyepita sekondari Kenya bila kuchanganua sentensi kwa jedwali au matawi? Dhana yenyewe wanakompyuta waliiazima kwa wanasarufi.

Wapo pia wanaosema msimbo “hukusanywa”. Hilo linapotosha. Katika lugha kama C na Go, msimbo wote hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla programu haijaendeshwa. Hiyo ni tafsiri. Lugha nyingine hutekelezwa papo hapo, mfano wa mkalimani barazani anayemgeuzia chifu maneno kwa Kiborana, sentensi baada ya sentensi. Tofauti ya tafsiri na ukalimani tunayo zamani, na ndiyo inayoeleza kwa nini mipangilio huwekwa katika faili ya kando: ukibadilisha thamani moja, huna haja ya kutafsiri programu nzima upya. Kwa kawaida unaizima na kuiwasha, basi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kanuni ya kawaida ya Go ya kuchanganua kweli na uongo hupokea “true”, “t” au “1”. Ukiandika “ndiyo”, inakurudishia kosa. Mwandishi wa programu anaweza kuongeza mistari michache ili “ndiyo” na “hapana” zipokelewe, ila lazima kwanza aone kuwa inafaa.

Kwa hivyo, mwalimu wa kompyuta na wa Kiswahili, ambao pengine hukaa chumba kimoja cha walimu, wakubaliane: “changanua” ya kipindi cha tatu iwe ndiyo “changanua” ya kipindi cha nne.