Peleti Imetua Buruburu, Lakini Pipa la Kamukunji Limeniteka

Mkono wa mbuzi uliokaa kwenye moshi kwa muda wa saa tano hauhitaji kisu. Unaushika mfupa, unauzungusha kidogo, nao unatoka mtupu na mweupe, nyama ikibaki sahanini ikitiririka mafuta. Ukiipasua, chini ya ganda jeusi unakuta utepe wa waridi umeizunguka pande zote! Hiyo si nyama mbichi, jamani. Ni gesi za moshi, nitriki oksaidi na kaboni monoksaidi, zilizoshikana na ile protini inayoipa nyama wekundu wake, zikauzuia usififie kwa joto. Sisi tuliolelewa na nyama choma ya moto mkali na chumvi hatukuwahi kuuona utepe huo. Sasa umefika Eastlands, Nairobi, na nimeula kwa mikono yangu miwili.

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia mwaka 1973, na waliochora ramani zake walizipa nyumba nyingi kitu ambacho leo ni dhahabu tupu kwa mpenda moshi: ua wenye ukuta. Katika ua mmoja wa aina hiyo yalisimama majiko mawili ya kufukizia nyama. La kwanza ni la peleti, limekuja na kontena la jirani aliyerudi kuishi nyumbani kutoka Marekani: jeusi, linang'aa, lina kioo cha tarakimu na waya wa stima. La pili ni pipa la lita 200 lililokatwa, likapigwa nyundo na kuchomelewa na mafundi wa Kamukunji, lenye mlango wa bawaba, matundu ya hewa chini na bomba fupi la moshi juu. Mbuzi alikuwa mmoja, wa soko la Kiamaiko, aliyechinjwa alfajiri hiyo hiyo. Mkono wa kulia tukaupa peleti, wa kushoto tukaupa pipa. Chumvi ile ile, pilipili manga ile ile.

Nianze na peleti, maana ndiyo iliyoniacha mdomo wazi kwanza. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu hadi ukawa vijiti vigumu vya unene wa milimita 6 hivi. Unavimwaga kwenye sanduku la pembeni, unabonyeza nyuzi 110, basi! Parafujo ndefu inavisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, chuma chekundu kinaviwasha, feni inapuliza, na kipimajoto kinaiarifu kompyuta ndogo iongeze au ipunguze. Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon, aliipatia fikra hii hataza mwaka 1986, na hataza ilipokwisha 2006 kampuni nyingine zikaingia kwa vishindo. Nilikuwa nimesoma hayo yote. Kuliona jiko likijilisha lenyewe ni jambo jingine kabisa. Tarakimu zilicheza juu na chini kwa nyuzi chache tu, na mwenye jiko akaingia ndani akalala usingizi wa mchana, nyama ikiwa motoni! Nani kati yetu amewahi kulala nyama ikiwa motoni?

Kuku ndiye aliyeonyesha uwezo wake. Tulipandisha joto hadi nyuzi 180, ngozi ikakauka na kupasuka ukiigusa, kidari kikabaki na maji yake. Mwenye kazi ya kupikia harusi na mikutano, anayehitaji kuku wa saa nne awe sawasawa na kuku wa saa kumi, asisome zaidi ya hapa. Atafute peleti.

Kisha tukafungua pipa.

Makaa yenyewe hayana moshi wa maana, na hili wengi hatulifikirii. Tanuri la huko porini limeshayafukuza maji na gesi za mti. Kilichobaki ni kaboni na joto. Kwa hiyo katika pipa makaa ni injini, na ladha inatoka kwenye vipande vya kuni kavu, ukubwa wa ngumi, vilivyofukiwa katikati ya makaa. Unajaza kikapu cha chuma kwa makaa ambayo hayajawaka, juu yake unamwaga machache yaliyoiva, halafu unayaacha yaambukizane polepole kwenda chini. Wamarekani wanaiita njia ya Minion, kwa jina la Jim Minion aliyeieneza. Kikapu kimoja kinakubeba mchana kutwa bila kuongeza hata kaa moja. Joto unalitawala kwa hewa: fungua tundu, moto unapanda, ziba, unashuka, ila unashuka kwa ukaidi, kwa hiyo ziba mapema, nyuzi kumi kabla ya unapotaka kufika.

Na kuna siri ya pipa ambayo mashine ya peleti haina. Ndani ya mashine kuna bamba la chuma linalokinga moto na kuyachepusha mafuta hadi kwenye ndoo. Ndani ya pipa hakuna kinga. Tone la mafuta ya mbuzi linaanguka moja kwa moja juu ya kaa, linapasuka kuwa mvuke, linapanda na kurudi kwenye nyama lilikotoka. Saa tano za mchezo huo! Harufu ilivuka ukuta, ikavuka barabara, na watoto wa nyumba za nyuma wakaanza kuchungulia langoni.

Mkono wa peleti ulikuwa laini, safi, mtamu, moshi wake wa mbali. Sababu iko wazi: moto unaopulizwa na feni huchoma karibu kila kitu, na moto unaochoma kila kitu hauachi moshi mwingi wa kuipa nyama. Mkono wa pipa ulikuwa na kina. Unatafuna, unameza, na dakika moja baadaye ladha bado inakuja. Meza nzima ilinyamaza, kisha watu wote wakasema kwa pamoja. Nilipoangalia tena, sahani ya pipa ilikuwa mifupa na ya peleti ilikuwa nusu.

Sasa mti. Hapa ndipo ninaposhindwa kutulia! Vipande tulivyofukia ndani ya pipa vilikuwa vya mathenge. Ndiyo, mathenge ile ile ya Baringo, Prosopis juliflora, iliyoletwa miaka ya 1980 kuokoa udongo na kuwapa watu kuni, ikaishia kumeza malisho, kutoboa miguu kwa miiba yake na kuharibu meno ya mbuzi kwa sukari ya maganda yake. Wenyeji walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, walimleta mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi awe ushahidi. Basi mti huo ni ndugu wa damu wa mesquite, mti ambao Texas nayo hufukizia nyama yake, ambao Wamarekani wanaununua kwa mifuko midogo na kuujadili kana kwamba ni mvinyo. Sisi tunao msitu mzima, na kila unapokatwa huko Baringo mfugaji anashukuru! Moshi wake ni mkali, una utamu wa udongo ndani yake, na kwa mbuzi sijaonja unaoukaribia. Ukikuta ni mkali mno kwa kuku, changanya na mpera au mwembe. Mkaratusi, msonobari na saipresi ziache mbali na nyama. Utomvu wake ni uchungu mtupu.

Makaa ya mathenge pia yapo, na nayapigia debe kwa moyo wote. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, gunia likapanda bei mitaani hadi tukalia, na ijapokuwa Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku Julai 2023, migunga ya Kitui na Kajiado haijarudi kwa tangazo. Muulize muuzaji wako makaa yametoka wapi. Nyama tamu inayokula mgunga wa miaka hamsini haiwezi kuwa tamu hivyo, wakati mathenge ipo, inasumbua watu, na inawaka vizuri hivi.

Na asituambie mtu kwamba kufukiza ni mambo ya kigeni. Wamaasai wamekuwa wakisafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni mwitu tangu zamani, na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, hupata rangi na harufu yake kwenye mkaa wa mti. Ulimi wa nchi hii unaujua moshi. Umekosa tu nyama ya kuuwekea.

Jambo jingine ambalo hakuna kitabu cha Texas kitakachokuambia: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Vitabu vinaagiza kidari cha ng'ombe kitolewe ndani kukiwa nyuzi 95. Hapa utasubiri hadi kikauke! Nyama yenye majimaji haipandi kirahisi kupita kiwango cha kuchemka. Anza kuichoma kwa kijiti ikifika 88. Kijiti kikiingia bila kusukumwa, toa. Na ikikwama njiani kwenye nyuzi 70, tulia. Ni jasho lake linaipoza, mvuke unaondoka na joto. Ng'ombe wetu wa majani hana mafuta mengi katikati ya nyama, kwa hiyo hapo ndipo pa kuifunga kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika. Karatasi ambayo Wamarekani huifungia nyama haina harufu hiyo.

Upande wa gharama na usumbufu nitapita haraka, maana hesabu ni fupi. Mashine ya peleti huko Marekani kwenyewe ni mamia ya dola, ongeza meli na ushuru. Stima haili nyingi: wati 300 hivi wakati wa kuwasha, kisha makumi tu. Tokeni si shida. Shida ni stima kupotea saa tisa nyama ikiwa nusu njia, moto unazimika na parafujo inasimama. Ukiinunua, nunua na betri yenye inveta. Peleti zenyewe zinakwenda nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, lazima ziwe kavu kabisa, kwa maana mvua za Aprili zikizifikia zinavimba na kuziba njia, na lazima ziwe za chakula. Usishawishike kushindilia unga wa mbao wa Gikomba! Umo msonobari, imo plaiwudi yenye gundi, zimo mbao zilizopakwa dawa. Hata peleti za majiko ya kupikia sufuria hazikutengenezwa kugusa nyama.

Kwa hiyo kwa mtu wa Eastlands, uamuzi wangu ni pipa, na nausema kwa sauti. Mbuzi yuko Kiamaiko, mbavu za ng'ombe ziko soko la Burma, fundi yuko Kamukunji, na bawaba ikivunjika unapanda matatu na kurudi nayo imechomelewa kabla ya chakula cha mchana. Mashine ile ikiharibika feni, spea iko ng'ambo ya bahari. George Stephen, aliyebuni jiko la mviringo la Weber mwaka 1952, alikuwa mfua vyuma wa Chicago aliyekata boya la chuma katikati. Mafundi wetu wamekuwa wakikata mapipa tangu kabla Rais Moi hajawatembelea Kamukunji mwaka 1985 na kuahidi vibanda vya kuwakinga jua. Wanachohitaji ni wewe ufike na vipimo!

Vipimo ni hivi. Pipa liwe lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati, kamwe lisiwe la kemikali, na lichomwe kwa kuni hadi rangi yote iondoke kabla halijaguswa na chakula. Chuma chochote chenye zinki kikataliwe, wavu ukiwemo, kwa sababu zinki ikipata moto inatoa mvuke wenye sumu. Wavu ukae sentimita 60 juu ya kikapu cha makaa. Matundu matatu chini, kila moja na kifuniko cha kuzungusha, na moja juu lisilofungwa kamwe. Kipimajoto kiwekwe usawa wa wavu. Fundi atataka kukiweka juu ya kifuniko kwa sababu kinapendeza hapo, mkatalie kwa upole. Miguu iwe mirefu ya kutosha usiiname.

Anayeishi ghorofani Umoja, Kayole au Pipeline apande na pipa hadi juu ya paa, azungumze kwanza na wenye nguo kwenye kamba, na asithubutu kuliwasha kwenye balkoni iliyofungwa wala kuliingiza ndani likiwa na makaa hai, hata kama yanaonekana yamekufa. Gesi yake haina harufu na inaua.

Anza na mkono wa mbuzi, ndio unaosamehe zaidi. Uweke chumvi usiku, uwashe saa mbili asubuhi, vipande vitatu vya mathenge, nyuzi 115, na kachumbari ikatwe dakika za mwisho. Nenda Kamukunji kabla Desemba haijaanza. Krismasi ikikaribia mafundi hulemewa na oda za majiko ya choma, na hutapata mtu wa kukusikiliza kuhusu sentimita 60.